Doti ya Kanga ya Kumleta Hatibu

Muscat, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Tongoni, na goti liwe limepoa. Mie mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila kichwa kimevurugika na sina mwingine wa kumwambia.

Unamkumbuka Bwana Nasoro, anayepokea riyali zetu hapa, kisha mshirika wake wa Tanga mjini akawalipa nyinyi shilingi. Tangu milango ya biashara ifunguliwe huko, watu wa kazi hiyo wamezuka kama uyoga, na kila mmoja anaapa kwa Mungu. Huyu nilimwamini kwa kuwa fedha zako hazijachelewa hata mara moja. Ndipo nikamleta Hatibu wa Kigombe, ninayelala naye chumba kimoja. Nilimwambia, "Mama yangu anapata, wako atakosaje?"

Mara mbili sasa mamake hajapata kitu. Nyumba yake haina paa, na masika yanakaribia.

Nilimwendea Bwana Nasoro. Hakukasirika. Alinimiminia kahawa akasema, "Hali ngumu, mwanangu, shilingi inashuka kila kukicha. Siwezi kuwalipa wote pamoja."

Nikamuuliza mbona yangu haikwami. Akacheka. "Wewe si ndiye unayeniletea watu? Yako ikikwama, nani atakuja?"

Tangu hapo sijielewi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa sijui nani nguo, nani mdudu. Mimi hajanidanganya. Nami Hatibu sikumdanganya. Basi uongo umepita wapi, Mama? Jana Hatibu kanipa mshahara wake wote, ati niupeleke pamoja na wangu, kwa jina langu, ufike upesi. Nimeufungia sandukuni. Naona haya hata kula naye sahani moja.

Nisalimie kaka Idi na shemeji, na shangazi wa Pongwe umwambie dawa yake ya macho naitafuta.

La mwisho, Mama. Ile doti ya kanga niliyokutumia kabla ya Ramadhani sikuinunua. Bwana Nasoro alinipa kwa kumleta Hatibu. Hata kama umeshaivaa, ifue, uipeleke Kigombe kwa mamake. Akikuuliza imetoka wapi, mwambie ukweli. Hatibu nitamwambia mwenyewe leo, tukishakula.

Mwanao anayekuhitaji,
Shabani