Daraja Langu la Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti

Bwana Asilimia amenipa ukurasa wa takwimu. Huyu ni mhariri wetu. Tunamwita hivyo kisirisiri kwa kuwa hata usingizi wake huupima kwa asilimia. Mwongozo wa vyuo tunaouchapa mwaka huu hautavipanga kwa ukubwa wala kwa umri. Utasema kila chuo kinavizidi vingine kwa kozi gani ya shahada, ili watoto wa shule wajue pa kwenda. Chuo cha bandarini: usafirishaji wa majini, hakuna ubishi. Kile chenye hospitali yake: uuguzi. Takwimu inagombewa na viwili, chuo nilichosoma mimi na kile cha bondeni. Kwetu, wengi wa wahitimu hupata daraja la kwanza, mimi mmojawao. Bondeni, wa daraja la kwanza unaweza kuwaalika nyumbani na kochi likabaki wazi!

Nimecheka peke yangu mezani. Ukurasa huu nitauandika hata nimefumba macho.

Na umekuja wakati wake. Kitinda, mdogo wangu, amepata nafasi ya takwimu vyuo vyote viwili. Athibitishe kimoja kabla ya Ijumaa jioni. Nimeshamwambia: njoo kwetu, usihangaike.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempelekea Bwana Asilimia rasimu. Kaisoma, kainua miwani. Mwamba ngoma huvutia kwake, akasema. Eti nimeandika barua ya mapenzi kwa chuo changu. Niende bondeni nikakae darasani kwao ndipo nilinganishe.

Sawa. Nitakwenda. Nina hakika, sina hofu.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Darasa lao ni dogo, madirisha hayafungi vizuri. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamezunguka meza mbili, wanabishana kama wako sokoni. Mhadhiri wao, mama mmoja mwenye sauti ya chini, hazungumzi sana. Akiulizwa, naye anauliza.

Wakati wa mapumziko nikawa nawahoji. Kozi ngumu? Ngumu. Wanaofeli wengi? Wengi. Nikauliza swali langu la kawaida kabisa, kama unavyomuuliza mtu saa ngapi: marudio yenu huwa wiki gani?

Marudio gani, dada?

Nikaeleza. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Mhadhiri anakuja na maswali, mnayafanya pamoja ubaoni, mnayanakili. Kwenye mtihani yanakuja yaleyale, namba zimebadilishwa.

Kisha msichana mmoja mwenye miwani akasema polepole, kwa adabu, kama anayemwambia mgeni kuwa amevaa nguo nje ndani: “Kwa hiyo mnaonyeshwa mtihani?”

Nikasema hapana! Namba zinabadilishwa!

Walicheka hadi mmoja akainamia meza. Nami nikacheka, Mungu wangu, nikacheka nao — huku masikio yanawaka moto. Miaka yote ile nilidhani kila chuo duniani kina marudio. Kama kilivyo na ubao. Kama kilivyo na mlango!

Mama mhadhiri hakucheka. Akanisogezea kiti, akaniambia niwasaidie swali walilokuwa wanabishania. Ukiwauliza watoto wa shule nyumbani kwao wako watoto wangapi, unapata wastani fulani. Kisha ukiwauliza wanawake wote wa mji huohuo wana watoto wangapi, wastani unashuka. Hakuna aliyedanganya. Kwa nini?

Nilichukua kalamu. Nikatazama karatasi. Karatasi nayo ikanitazama. Nikasikia sauti yangu inauliza: “Hili ni swali la aina gani?”

“Ni swali tu,” akasema yule wa miwani.

Ndiye aliyenieleza. Nyumba yenye watoto wanane inajibu mara nane. Nyumba isiyo na mtoto haina wa kuinua mkono. Basi. Nilijua kanuni yake! Niliisoma, nikaipatia alama zote. Nisingeitambua hata ikinisalimia njiani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia aliyekuwa mkuu wa idara yetu. Nilitaka akanushe. Karibu nimwombe.

Hakukanusha. Akafurahi kunisikia, akaniita binti yangu. Marudio ni huruma, akasema. Mwajiri haulizi unajua nini, anatazama daraja. “Wale wa bondeni wanajisifu kwa kufelisha watoto wa watu. Sisi tunawavusha. Wewe hukuvuka?”

Hana aibu hata chembe! Nikamshukuru, nikakata simu.

Ukurasa nimeufuta wote. Nimeandika upya: takwimu, chuo cha bondeni. Na nimeeleza marudio, waziwazi. Bwana Asilimia kasoma mara mbili, kanitazama, hakutaja asilimia yoyote.

Leo nimeshindwa kumwambia Kitinda. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 8 Agosti

Haikuwa asubuhi. Nilizungukazunguka hadi mchana umepita, ndipo nikamfuata chumbani kwetu. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mshtakiwa. Marudio, kicheko, swali la watoto. Nikamaliza: usiende kwetu. Nenda bondeni.

Alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo. Wala hakugeuka.

“Dada, mbona tunajua.”

Mnajua nini?

“Marudio. Shule nzima tunajua. Ndiyo sababu watu wanagombania kwenda huko.” Ndipo akageuka. “Kumbe wewe hukujua? Mimi nilidhani uliingia kule kwa ujanja, makusudi. Nilikuwa nakusifu kwa wenzangu.”

Nilikaa kitandani. Mdogo wangu ananisifu kwa ujanja nisioujua, na mimi najisifu kwa akili nisiyokuwa nayo!

Akachukua simu, akaja kukaa pembeni yangu. Vyuo vyote viwili viko pale kwenye kioo cha simu, kimoja juu, kimoja chini. Akasema haya, nimeshakusikia. Wewe ndiye uliyeona kote kote. Sema, nibonyeze.

Jibu ninalo. Nimeliandika kazini, linakwenda kuchapwa, maelfu ya watoto wa watu watalifuata. Nikafungua mdomo niseme bondeni, na kilichotoka ni hiki:

“Na huko ukitoka na daraja la tatu?”

Kitinda akanitazama. Hakucheka.

“Hilo swali,” akasema, “unaniuliza mimi?”

Ameweka simu katikati yetu, juu ya shuka. Nimechukua kalamu ili nisimtazame usoni. Mwisho wa kuthibitisha ni jioni hii. Hajabonyeza. Nami bado naandika —