Hoteli Isiyouza Chai

Jumanne, 1 Juni 1971

Uji wa wimbi umebaki nusu sufuria tena. Ndizi za kuchemsha nimezila mwenyewe. Asubuhi wachumaji wawili wa majani ya chai waliingia wakitetemeka kwa baridi ya Ikonge, wakaagiza chai moto. Nikawaambia hapa hakuna chai. Wakavuka barabara kwa Ombati bila hata kukaa. Kwa Ombati kuna chai, sigara, redio na vicheko. Kwangu kuna kalenda ya kanisa na viti vilivyopanguswa vizuri.

Nilipoacha upishi kule misheni niliahidi: hoteli yangu haitauza kitu ambacho mimi Msabato sitii mdomoni. Sijutii. Lakini siku ni ndefu.

Alhamisi, 3 Juni

Dereva wa lori la majani ya chai alikula kwangu na wapakiaji wake. Ugali, mboga za chinsaga, maziwa lala bakuli kwa bakuli. Nilifurahi kuwa na watu. Halafu akauliza, mdomo umejaa, "Omogaka, mzee wangu, ile chai iliyo nyuma ya nyumba yako ni ya nani?"

Nikasema ni ya mke wangu.

"Na mke ni wa nani?"

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Imeniuma mpaka sasa. Majani yetu yanakwenda kituoni kupimwa na kununuliwa, kisha kiwandani, kisha yanaishia vikombeni mwa watu. Mimi nakataza kikombe kimoja hapa barabarani na kujiona mtakatifu.

Sabato, 5 Juni

Baada ya ibada nilimvuta kando mzee wa kanisa nikamwuliza hilo hilo. Shamba lake la chai ni kubwa kuliko letu. Akanishika bega. "Ndugu, sisi tunauza majani. Majani si kikombe." Akaenda kwake kula. Hakunialika.

Nilirudi peke yangu kwa njia ya juu. Kila shamba nililopita ni la muumini, na kila moja ni chai mpaka mtoni. Hakuna anayetaka kuulizwa. Nimekasirika siku ya Bwana, na hilo nalo ni dhambi.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemwambia Moraa, mke wangu, kwamba chai itoke shambani. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso. "Nilipoipanda ulikuwa wapi, Baba Nyaboke?"

Nilikuwa misheni, nikiwapikia wageni. Mashimo aliyachimba mwenyewe, mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Nyaboke, sasa yuko shule ya bweni, na karo yake inatoka kwenye chai. Hoteli yangu haijamnunulia hata soksi.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Nikamjibu kwa Maandiko, kwa sauti ya juu.

Ijumaa, 11 Juni

Juzi, Moraa alipokwenda kituoni, nilichukua jembe na panga nikang'oa mstari wa chai wa kando ya barabara. Mizizi ya chai haitoki kwa kubembelezwa. Nilikata, nikavuta, nikaanguka chali. Watu walisimama barabarani kutazama. Nilitaka wasimame.

Moraa aliporudi alitua kikapu. Aliyaokota mashina moja moja akayapanga kivulini chini ya migomba, mizizi yote upande mmoja. Halafu akaingia ndani kufunga mzigo. Jana alfajiri aliondoka kwenda Mosocho kwa kaka yake.

Jua linatua. Sabato inaingia na nyumba haijafagiliwa.

Sabato, 12 Juni

Kanisani hakuna aliyenisifu. Hakuna aliyenikemea pia. Walinipa mkono haraka haraka kama wampavyo mtu mwenye upele. Nafasi ya Moraa kwenye benchi la akina mama haikukaliwa na mtu.

Nilidhani dhamiri ikiwa safi nitalala usingizi. Silali.

Jumatano, 16 Juni

Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja. Ng'ambo ya barabara, kwa Ombati, wanacheka.

Nimejihoji leo mpaka nikaona aibu. Kuna mstari kule chini mtoni ambao Mungu peke yake ndiye angeuona ukiondoka. Sikuugusa ule. Niling'oa wa barabarani. Aliyekuwa akijibiwa ni dereva. Na nilimjibu kwa jasho la Moraa. Sufuria zangu, viti vyangu, ile kalenda, vyote viko salama.

Najichukia. Sina wa kumwambia.

Jumatatu, 21 Juni

Majani yamezidi kimo, yanakomaa. Nimefunga hoteli nikaenda kuyachuma. Sijui kuchuma. Vidole vyangu vinavunja jani pamoja na kijiti chake.

Kituoni karani alimwaga karibu kikapu chote chini. "Mzee, hizi ni kuni." Wanawake wakacheka, mmoja akashika mbavu. Dereva alikuwa ameegemea lori lake. Akataka kujua kama sasa chai imekuwa yangu. Nikamwambia ni ya Moraa, mimi ni kibarua wake. Walicheka zaidi. Niliinama nikaendelea kuchambua majani yaliyomwagwa. Risiti imeandikwa jina lake.

Wala sikuona uchungu niliodhani ningeuona.

Jumapili, 27 Juni

Mosocho. Shemeji alinipokea kwa heshima, na hiyo ilinitia hofu kuliko matusi. Chai ikaletwa. Kikombe kikawekwa mbele yangu pia. Wote wakanitazama.

Niliwaza: nikinywa, labda atarudi. Niliwaza hivyo kweli. Mkono ulikuwa juu ya meza tayari.

Moraa akakiondoa kikombe. "Huyu hanywi," akamwambia mke wa kaka yake. "Mpe maziwa." Hakunitazama.

Nikaomba radhi mbele yao wote. Sikutaja Maandiko. Nilisema nimeng'oa kisichokuwa changu, na nitapanda upya. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Moraa alitoka kwenda kuanua nguo. Nimerudi peke yangu.

Alhamisi, 8 Julai

Miche ya chai nimeipata kitaluni na kuipanda yote leo, kwa magoti, kwenye tope. Hoteli siku hizi nafungua mchana tu. Uji upo. Chai haipo, na haitakuwapo. Anayetaka kucheka, acheke akishiba.

Jioni Moraa alitokea kwenye njia na mzigo kichwani. Alisimama kwenye mstari, akautazama mpaka mwisho. Akasema nimepanda karibu karibu mno, itasongana. Akautua mzigo, akachutama, akaanza kung'oa baadhi ya miche na kunipa nishike. Tulipanda tena mpaka kukawa giza.

Amelala chumba cha Nyaboke. Namsikia akikohoa.