Ati Sheria Ni ya Watu wa Viwanda

Peres, wamenifuta kazi. Sababu ni kwamba seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ilikwama Jumapili na mimi nilikuwa kanisani, simu nimezima.

Nikamuuliza meneja Mwaura, "Bosi, si sheria inasema nisikizwe kwanza, nikiwa na mwenzangu wa kazi?" Akacheka. "Hiyo ni ya watu wa viwanda. Nyinyi wa kompyuta mna sheria gani?"

Mna sheria gani. Alisema hivyo kweli.

Na mwezi uliopita Ochola, mlinzi wetu, alipatikana amelala getini. Aliitwa, akasikizwa, nami nikakaa naye kikaoni kama shahidi wake. Mwaura huyo huyo ndiye aliyeongoza kikao.

Sasa niko hapa kwa Ochola, getini kwa ofisi yetu Lavington, naandika barua ya kuomba kikao changu. Nimemwomba Ochola awe shahidi.

Amesema ataazima tai ya kuvaa kikaoni.