Kaka Deo, Sharti Lilikuwa Chini ya Picha

Kaka Deo,

Kuna jambo sijamwambia mtu hata mmoja: kazi yako naielewa. Wote hapa Mazwi wanadhani umezikwa nayo. Kumbe mimi nikitoka shule, mama akiwa bado sokoni, naifungua kompyuta yako naendelea ulipoishia.

Nakumbuka ulivyonieleza, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma. Kwamba programu ya mzani wa ghala la Kasense imekuja na kitabu cha maelezo, Kiingereza kitupu. Kwamba unaunda programu nyingine ikisome kitabu hicho yenyewe, ichomoe kila sharti, halafu iligeuze kuwa jaribio la kuupima mzani. Nikajifanya nimeelewa. Ukanicheka: "Wewe Vero, usiniambie mzani unafanya nini. Niambie unafanya lini." Hapo ndipo nilipoelewa kweli.

Sasa nyumba imepoa. Baba hataji jina lako. Shuleni wananiambia mambo, nasema poa, maongezi yanaishia hapo. Kitabu chako nakisoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, kisha najieleza kwa Kiswahili kama vile umekaa ng'ambo ya meza.

Kaka, kuna sharti liliachwa. Limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha: gunia jipya lisipokelewe kabla mzani haujarudi sifuri. Programu yako ilisoma aya tu, picha iliziruka pamoja na maneno yake. Nimeifundisha isome na hapo. Sharti likatoka, nikaendesha jaribio kwenye programu ya mzani uliyoiweka humu, likawaka jekundu. Mzani unapokea tu, sifuri haijafika! Msimu ukianza, mkulima ataandikiwa uzito usio wake, wala hatajua kwa nini.

Na kesho baba mdogo anakuja kuifuta kompyuta, binti yake aende nayo chuo. "Mashine haifi na mwenyewe," alisema, baba akaitikia kwa kichwa. Simlaumu. Hajui kilichomo. Nani angemwambia? Mimi, ambaye hata shikamoo yangu watu huniomba niirudie?

Nasikia mabuti ya baba ukumbini. Siku zote karatasi hizi ninazokuandikia nazisukuma chini ya godoro. Leo naiacha hii hapa, na kompyuta iko wazi. Nitasema, hata nikilia katikati. Nakuahidi, Kasense watajua kabla gunia la kwanza halijapanda mzanini.

Pumzika, kaka yangu. Kitasa kinageuka, na mikono yangu iko juu ya meza.

Mdogo wako,
Vero