Majina Yote Isipokuwa la Halvorsen

Baba,

Halvorsen amepiga magoti. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua habari nyingine zinaweza kungoja. Amepiga magoti kwenye nyasi zilezile, mbele ya jiwe lile la marubani, na mimi nilisimama nikamwangalia huku nimekunja mikono.

Sasa salamu. Mama hajambo, ila mguu humsumbua baridi ikianza. Amani amemaliza shule na ameota ndevu kama zako, isipokuwa zake hazijaamua zielekee wapi. Tungali Richfield, nyumba ileile, ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatikisika, na Mama bado anazitukana moja baada ya nyingine.

Leo ni tarehe moja mwezi wa nane, Siku ya Wazazi, na ninakuandikia nikiwa nimekaa kwenye nyasi kando yako. Kaburi lako, nisamehe, ni bamba dogo lililolazwa sawa na ardhi ili mashine ya kukata majani ipite juu yake. Ndiyo sheria ya hapa, na chokaa hawataki hata kuisikia. Nimeng'oa majani ya pembeni kwa vidole, nimemwaga maji, nimekufuta kwa kitenge. Najua kwako hiyo ni nusu ya kazi.

Acha nisimulie tangu mwanzo, ingawa ulikuwepo. Wewe hukuwahi kuyasema, na mimi nataka yote yawe mahali pamoja.

Mwaka ule wa kwanza wa kuhamia nchi hii, tarehe moja ilipofika, ulivaa shati lako la kanisani asubuhi na mapema ukakaa kitandani. Huko kwetu siku hiyo kila mtu yuko makaburini na jembe na ndoo, anasafisha wazazi wake, kisha mchana anarudi kula na wazazi walio hai. Lakini kaburi la babu liko Baraka, mji wetu tuliouacha, na shangazi alikuwa ametuambia kwa simu kwamba majani yamelifunika halionekani tena. Ndugu zako waliouawa hata kaburi hawana. Ulikuwa umevaa vizuri na huna pa kwenda. Sitaisahau sura yako asubuhi ile.

Ndipo ukalikumbuka jiwe la pale kwenye bustani ndogo, karibu na kituo ulipokuwa ukingojea basi la kwenda kazini ghalani Shakopee. Ulinichukua twende, ukaniambia nikusomee. Nikakusomea. Ni vijana wa Minnesota waliojitolea kurusha ndege katika vita ya pili ya dunia, vita ya watu wengine, kabla serikali yao wenyewe haijaingia. Walivuka kwenda Kanada, wakavaa sare ya nchi isiyo yao, na wengine hawakurudi hata mfupa. Chini yake yalichongwa majina. Ulitazama kinyesi cha ndege, ulitazama magugu yaliyoota kwenye nyufa, ukasema, "Hawa batoto ya batu, nani anabasafishaka?"

Tukawasafisha sisi. Tulikwenda na ndoo, brashi na kitambaa, tukaosha kila jina, na ulinifundisha kupitisha kidole ndani ya herufi mpaka mwisho ili uchafu usijifiche kwenye kona. Ulizungumza nao pia. Uliwaambia mahindi ya hapa hayana ladha. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisema asante, wewe ukamwinamia kama vile amekupa nishani. Tuliendelea hivyo miaka kadhaa, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Halafu ukaja mwaka wa chokaa. Mimi nilikuwa kazini Golden Valley. Ulinunua mfuko kwenye duka la vifaa vya bustani, ukakoroga kama unavyojua, ukapaka msingi wa jiwe, chini tu, kwa mstari ulionyooka kabisa. Kwetu kaburi lililooshwa bila chokaa ni kama mtoto aliyeogeshwa akaachwa bila nguo. Hapa ukilipaka jiwe lao rangi ni jinai. Hukujua, na nani angekuambia?

Angeweza kukuambia Halvorsen. Nyumba yake inatazamana na bustani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiwe lile, na kila mwezi wa tano, siku yao ya kukumbuka wanajeshi, ndiye anayeshika kipaza sauti na kusoma majina. Moja ni la baba yake. Alianguka na ndege baharini kabla Halvorsen hajajifunza kutembea, na mwili haukupatikana. Kwa hiyo jiwe lile ndilo kaburi pekee alilo nalo. Ninaliandika hili kwa haki, Baba, kwa sababu wewe ungeniuliza. Lakini haki yake inaishia hapo.

Hakuvuka barabara. Hakukuuliza unafanya nini. Alipiga simu polisi, akasema kuna mtu anaharibu kumbukumbu ya mashujaa. Walikupigisha magoti kwenye nyasi, mikono nyuma, pingu juu ya vidole vyenye chokaa, na wewe ulikuwa ukirudia, "Pardon, pardon, ni fête ya wazazi." Nilisimuliwa na yule mama wa mbwa. Alisema Halvorsen alikuwa amesimama kibarazani kwake anapiga picha kwa simu. Picha ile ikatoka kwenye jarida la mtaa. Waliandika "mharibifu." Jina lako hawakuandika.

Chokaa ilitoka siku ileile kwa mpira wa maji. Hakimu naye alifuta mashtaka, hakukaa nayo hata kidogo. Jarida halikuandika neno juu ya hilo. Watu wa kanisa walikuwa wameshaiona picha, na hata waliokupenda walianza kukusalimia kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mgonjwa. Ukaacha kwaya. Wewe, sauti ya nne, ambaye bila wewe wale wengine walikuwa wanapotea katikati ya wimbo! Ukaacha na kituo chetu cha basi ili usipite mbele ya jiwe. Ukawa unatembea mpaka kituo cha mbali, ukivuka barabara ile kubwa isiyo na kivuli wala ukuta, na theluji ilipoanza uliendelea kutembea. Ndiko walikokukuta, kwenye kituo hicho, umeshakata roho. Daktari aliandika moyo. Mimi najua kwa nini moyo huo ulikuwa kwenye kituo kile na siyo chetu.

Baada ya matanga watu waliniambia nimwachie Mungu. Niliitika amina. Moyoni nilisema, Mungu ana kazi nyingi, hii nitamsaidia.

Sikuhitaji kufanya haraka. Wazee wa kamati walikuwa wakipungua, mmoja kazikwa, mwingine kahamia kwenye joto Florida, na Halvorsen mwenyewe akawekewa goti la chuma. Jiwe likarudia magugu yake. Manispaa ikatangaza inatafuta mtu wa kujitolea kulitunza. Nikajiandikisha. Na unajua nani alinikabidhi ufunguo wa bomba la maji? Halvorsen. Hakunitambua, Baba. Alinishukuru sana, akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajitolei. Nikamwonyesha meno yote.

Nikalitunza. Hakuna atakayesema sikulitunza. Brashi laini, sabuni waliyonipa wao, kidole ndani ya herufi kama ulivyonifundisha. Niliosha majina yote, nikaliruka moja. Mara ya kwanza hakuna aliyeona. Kuvu ilianza kama vumbi, ikanenepa, ikawa kama uji uliokauka kwenye sufuria, mpaka herufi zikazibwa kabisa na jina la Halvorsen likawa doa jeusi katikati ya wenzake wanaong'aa. Nilikuwa napita na basi, naliangalia, na siku yangu inakwenda vizuri.

Amani alipogundua aliniambia, "Riziki, that's messed up. Huyo pilot did nothing to us." Ana haki. Kijana yule aliyeanguka baharini hakumwitia mtu polisi. Kila nikimruka namwomba radhi. Lakini namruka.

Mwezi wa tano uliopita sherehe ilifanyika, bendera, maua, na Halvorsen na kipaza sauti chake. Mjukuu wake akauliza kwa sauti kubwa, kama watoto wanavyouliza, kwa nini jina la babu mkubwa ni chafu. Watu wote wakatazama. Baba, nilisimama nyuma nikakunywa utamu wa uso ule mpaka mwisho. Walipotawanyika akanifuata na fimbo yake, akaniambia kwa adabu kwamba nimesahau jina moja. Nikamwambia sikusahau. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani: yule mtu wa chokaa, yule wa picha.

Alibadilika rangi. Akasema alikuwa analinda kaburi la baba yake. Nikamwambia, na wangu alikuwa analiosha. Akasema ataiandikia manispaa kunishtaki. Nikamwambia aandike, nami nitaandika, tuone jarida litachapa barua ya nani. Ndipo nikamwambia kuhusu Siku ya Wazazi, jinsi tunavyofanya, na kwamba anayeosha ni mtoto wa marehemu, hatumi mtu. Nikamwambia tarehe moja mwezi wa nane nitafungua bomba asubuhi. Akitaka aje.

Leo asubuhi amekuja. Ndoo yake mwenyewe, brashi mpya ambayo bado ina karatasi ya dukani. Alitafuta namna ya kuinama, haikuwezekana, jina la baba yake liko chini, mstari wa mwisho. Akashika jiwe, akashuka goti moja, akashuka na lile la chuma, akaguna. Baba, kazi yangu ni kuinua wazee. Nawainua kutwa nzima, kitandani, chooni, kwenye viti vya magurudumu, najua pa kumshika mtu asiumie. Nikakunja mikono.

Alisugua muda mrefu. Kuvu ya miaka haitoki kwa mkupuo mmoja. Herufi zikaanza kutokea, naye akawa anapitisha kidole ndani yake bila kufundishwa na mtu. Alilia kidogo. Sikumhurumia; nitakudanganya nikisema nilimhurumia. Halafu, bila kugeuka, akaniuliza, "Baba yako aliitwa nani?"

Hasira iliyonipanda hapo sina pa kuiweka hata sasa. Alikuitia polisi. Alikupiga picha. Alikuhamisha kituo cha basi. Na muda wote huo hakuwa na jina lako!

Nikamwambia: Wilondja Byaombe. Akalivunja. Nikamwambia arudie. Akalivunja kwingine. Nikamtamkia polepole, naye akarudia, na mimi nikakataa, naye akarudia, maji ya ndoo yakimlowesha suruali, majirani wakianza kutoka kutazama. Sikumwacha. Alipolisema mwishowe, Baba, alilisema kama Mama anavyolisema. Nikamshika chini ya makwapa nikamwinua kwa ufundi wangu wote, asiumie hata kidogo. Kazi ni kazi.

Nikampa sharti langu akiwa bado ananiegemea. Akaitika kwa kichwa. Nikakataa kichwa, nikataka mdomo. Akasema ndiyo.

Sijamsamehe. Nilidhani nikimwona pale chini nitashiba, kumbe nimeonja tu. Wewe ungekuwa umemsamehe tangu goti la kwanza, ukamsaidia kubeba ndoo, ukamkaribisha nyumbani. Ndiyo maana wewe uko hapo na mimi niko hapa.

Naenda sasa. Mama anatungojea, leo sisi watoto ndio tunapika: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki ambao Amani ameapa hatawaunguza. Kiti chako tutakiacha wazi. Pumzika, Baba, nyasi zako nitakuja kuzing'oa.

Na sharti nililompa, ndiyo ahadi yangu kwako, ni hili. Mwezi wa tano ujao, Halvorsen akimaliza kusoma majina ya marubani, atasema kwenye kipaza sauti kwamba Wilondja Byaombe hakuharibu kitu, aliwaosha, mbele ya majirani walewale waliosoma jarida. Nitakuwa mstari wa mbele. Asipolitaja, kuvu itarudi juu ya jina la baba yake, na mara hiyo hata akija na magoti mawili ya chuma, sitamfungulia bomba.

Binti yako,
Riziki