Kalori za Sinia Moja

Likoni, Jumanne, 1961

Miguu yaniuma, na lile neno bado halijanitoka kichwani. Kalori.

Asubuhi bibi afya alitukusanya kina mama akatwambia kila mtu mzima ana kipimo chake cha chakula kwa siku. Mwanamke, kama kalori elfu mbili. Mwanamume abebaye magunia bandarini, kama Salim wangu, elfu tatu na zaidi. Kisha akaniuliza kila mmoja wetu nyumbani hula kiasi gani.

"Wallahi sijui, bibi," nikamjibu. "Sisi twala sinia moja, mimi, mume wangu na mamake."

Akaugawanya wali wangu kwa tatu, akaandika. Niliudhika! Nani kamwambia nala theluthi? Tangu kazi ya bandarini iwe ya kubahatisha, mimi huondoa mkono mapema nikasema nimeshiba, ili Salim apate nguvu.

Basi jioni hii nikawa naangalia mikono ya wenzangu. Mama mkwe alikula matonge manne tu. "Alhamdulillahi, nimeshiba."

Nikasema nami nimeshiba.

Salim papo hapo akavuta maji, akanawa. "Hata mimi. Kula wewe, mke wangu."

Wali ukabaki katikati ya sinia, unapoa, na hakuna aliyeunyoshea mkono. Kumbe siku zote hizi...

Nimeufunika kwa kawa. Salim amelala. Naandika huku nasikia tumbo lake likinguruma, na langu likimjibu.