Mbuzi Wako Hawakuyavunja Yale Mayai

Mpendwa Habaryar, mdogo wake mama,

Sijui barua hii itakukuta malisho gani. Simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Unakumbuka ile siku uliyonipigia kutoka Takaba? Nilikuwa Garissa, ndiyo kwanza natoka darasani chuoni. Hata hukunisalimia. "Nyamaza, sikiliza," ukasema, ukaiinua simu juu. Nikasikia upepo, nikasikia mbuzi, kisha wimbo mwembamba ukapanda, ukakatika, ukapanda tena. "Huyu si wa huku. Nimechunga tangu utotoni, sijamwona." Ukaniambia ni mdogo, rangi ya vumbi, kifua cha madoa, na kwamba hupaa akiimba halafu hujiangusha chini kama jiwe.

Kesho yake ulinitumia sauti yake, nami nikampelekea mwalimu wangu. Aliisikiliza mara tatu, kisha akavua miwani. Alisema ni ndege wa jamii ya kipozamataza, wale wadogo wanaotaga ardhini, lakini si hawa tuliowazoea, na kwamba hakumjua mtu yeyote aliyewahi kuona kiota chake upande wetu.

Nilipokuja likizo ulinionyesha kiota hicho: nyasi kavu zilizofinyangwa kama kikombe, ardhini, kwenye kivuli cha jiwe. Mayai matatu. Tulilala kifudifudi kwa mbali, wewe umeuma ncha ya shungi usije ukacheka kwa furaha. Kila asubuhi uliwazungusha mbuzi njia ndefu ya kisimani ili wasipite pale. Nilikuuliza kama huchoki. Ukasema, "Ni mgeni, tena ni mzazi. Nitampitishiaje mbuzi juu ya kichwa?"

Kisha akaja mwalimu na wenzake wawili, na kamera zao. Nilikuwa nimewaahidi picha ya mayai. Ukasimama mbele yao umenyoosha mikono. "Usibite hapa," ukawaambia, ukiacha lugha yetu na kujaribu Kiswahili. "Ndege naogoba. Jua kali, mayai nakufa."

Mwalimu akanigeukia. "Anasema nini?"

Niliona haya, Habaryar. Nilikionea haya Kiswahili chako, na ndala zako za mpira wa gari, na jinsi wale wenzake walivyotazamana wakitabasamu. Nikajibu, "Anasema karibuni."

Ulinitazama. Neno hilo ulilielewa vizuri.

Walikaa pale mpaka adhuhuri. Ndege alizunguka juu yetu akilia, hakuthubutu kutua. Siku ya pili asubuhi tulikwenda sote wawili tukakuta kunguru wawili wanaondoka, na maganda. Uliyaokota, ukayafukia kwa mkono, ukarudi kwa mbuzi wako bila kuniambia kitu. Afadhali ungenichapa.

Mwalimu alipopiga simu kuuliza kiota kinaendeleaje, nilisema, "Mbuzi wamekikanyaga." Sikuwa nimepanga. Lilinitoka tu, kisha nikaliacha liende. Likaandikwa kwenye ripoti, likafika kwa kamati ya malisho, ukaitwa barazani. Nilikuwa nimekaa nyuma. Mwenyekiti akakuuliza, "Mbuzi wako walipita pale?" Uligeuka ukanitafuta kwa macho, ukangoja. Mimi nikainamia simu yangu kana kwamba kuna ujumbe umeingia.

"Kama mtoto amesema," ukawaambia, "basi."

Wakakufungia uwanda ule, ambao ndio ulio karibu na kisima. Juma lile lile ulihama kwenda kwa watu wa mumeo, huko mpakani. Mimi nikarudi Garissa, jina langu likaandikwa kwamba ndimi niliyemwona ndege yule kwanza. Wenzangu walinipigia makofi darasani. Wakaninunulia chakula, nami nikakila.

Jana nilimwendea mwalimu nikamwambia yote. Akaniuliza, "Mbona hukutafsiri?"

"Nilimwonea haya."

"Umemwonea haya mtu aliyetuonyesha tusichokijua?"

Atarekebisha ripoti: habari ya mbuzi itaondolewa, na jina lako litakaa mahali lilipo langu. Ameandika pia kwamba sisi, kwa miguu yetu wenyewe, ndio tuliomfukuza ndege kwenye mayai yake. Nilipompigia mwenyekiti wa kamati, nilidhani ataniambia yameisha. Aliniambia, "Hayo yalisemwa barazani, binti. Njoo uyafute barazani."

Kwa hiyo nakwenda Takaba. Ijumaa baada ya swala kamati itakaa, nami nitasimama mbele ya wazee wale wale na kina mama wale wale waliokutazama ukifunga mizigo. Ndege hajaonekana tena, na hilo siwezi kulirekebisha kwa kusimama popote.

Sikuombi urudi. Habari zikikufikia huko, jua tu kwamba sikuburutwa. Nilikwenda mwenyewe, na nilisema kila kitu, pamoja na lile neno "karibuni".

Allah akuhifadhi wewe na mifugo yako. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza, haki ni yako.

Mimi, mtoto wa dada yako